Wageni wa Njiro na wageni wa Unga Limited

Nafanya udalali wa nyumba na vyumba hapa Arusha, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu. Katika kazi hii nimeshuhudia watu wa nje wakiingia kwa wingi kwenye mitaa miwili, nikasikia mji ukiwasema kwa midomo miwili. Kuhusu Njiro walisema mtaa umepanda. Kuhusu Unga Limited walisema mtaa umeharibika. Wote walikuwa wageni, wote walikuja kutafuta maisha, wote waliwakuta wenyeji wakabanana nao kwenye maji, barabara na soko. Ila wa Njiro walikuja na dola, na wa Unga Limited walikuja na mabegi kutoka Kondoa na Singida. Naliandika jambo hili kwa sababu nimeliishi pande zote: Unga Limited ndiko nilikozaliwa, na Njiro ndiko nilikopata riziki yangu ya kwanza.

Baba alitoka Kondoa miaka ya sabini. Unga Limited ilikuwa ya viwanda, hata jina lake lilitokana na kampuni ya kusaga unga. Alipanga chumba kimoja, akamleta mama, kisha mdogo wake, na yule mdogo akamleta shemeji yake. Hivyo ndivyo mtaa ulivyojaa, mtu akimvuta mtu. Nyumba tuliyokaa kila chumba kilikuwa na familia: sisi Warangi, Wanyaturu, Wapare, fundi seremala mmoja wa Kimbulu, na mama wa Kiarusha aliyeuza maziwa. Choo kimoja, bomba moja. Mtoto akizidiwa usiku hukuuliza nani wa kabila lako. Uligonga mlango wa mwenye baiskeli.

Nje ya mtaa tulijulikana kwa mengine. Wizi, gongo, bangi, visu. Sikatai, vilikuwepo. Lakini sifa ile ilitufuata hata tulipokuwa mbali na nyumbani. Nilipofika sekondari, nikitaja ninakotoka, nilimwona mwenzangu akivuta mkoba karibu. Kaka yangu alienda kuomba kazi kwenye duka moja mjini. Mwenye duka akamuuliza anaishi wapi, akamjibu, akaambiwa ataitwa. Hakuitwa. Mahali pa pili alisema anakaa kwa shangazi Kaloleni, na kazi akaipata siku hiyohiyo. Ni kijana yuleyule, mwenye cheti kilekile na shati lilelile.

Na kila mtu alikuwa na maelezo yake ya kwa nini Unga Limited iko hivyo. Lililosemwa zaidi ni kwamba imejaa watu wa kuja, watu wasio na kwao. Hilo liliniuma tangu nikiwa mdogo na linaniuma mpaka leo, kwa sababu si kweli. Waliokuja na basi la Kondoa walikuwa baba zetu, na baba zetu walikuwa watu wa kuamka saa kumi usiku. Vijana waliokuja kuwa wezi walizaliwa hapahapa Arusha. Viwanda vilipoyumba miaka ya tisini, wanaume wengi walirudishwa nyumbani, ada zikakosekana, watoto wakakaa vibarazani. Mtaa haukuharibiwa na waliofika. Kilichokuja kuuumiza ni kazi zilizoondoka baada ya wao kufika, lakini kazi haina uso wa kunyooshewa kidole, Mrangi anao.

Mjomba alinichukua nimsaidie nilipomaliza shule, mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakati ule Arusha ilikuwa imeshapata wageni wa aina nyingine kabisa. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kushughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwaka 1995 likaamua makao yake yawe hapa. Mahakama ikaingia AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, majengo ambayo yalianzishwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika 1977. Wakaja majaji, wanasheria, wakalimani, wachunguzi, walinzi, makarani. Senegal, Kameruni, Kanada, Uingereza, India. Wote hao walihitaji mahali pa kulala.

Nakumbuka kijitabu cha mjomba kilivyojaa namba. Njiro, Kijenge, Sakina, Ilboru, kila mwenye nyumba alitaka "mtu wa UN". Nyumba iliyokaliwa na mwalimu kwa kodi ya shilingi ilipewa notisi, ikapakwa rangi, ikawekewa geti la chuma na tangi la maji, kisha ikapangishwa kwa dola. Watu husahau kuuliza mwalimu alienda wapi. Sisi tulijua, kwa sababu tulimhamisha wenyewe. Wengine walikwenda Sombetini, wengine Ngarenaro, wengine walikuja kwetu Unga Limited. Nao walipofika, wakawa ni wale wale "watu wa kuja" wanaojaza mtaa.

Lakini Njiro ilisifiwa. Ukimpeleka mteja kule alikaa vizuri kwenye kiti cha gari kabla hata hajaona nyumba. Kulikuwa na sherehe za muziki mpaka alfajiri, magari yakipita kasi kwenye vumbi, ulevi pia, na wasichana wadogo wakisubiri nje ya mageti. Mimi niliyaona kwa macho yangu. Sijawahi kusikia mtu akisema Njiro imeharibika kwa sababu ya wageni. Kwetu harusi ikipiga ngoma usiku mmoja, kesho yake mjini wanasema watu wa Unga Limited hawana ustaarabu.

Hata miongoni mwa wale wenye dola, hawakupokewa sawa. Mama mmoja mwenye nyumba Njiro alimwambia mjomba waziwazi, "Niletee Mzungu." Mjomba akampelekea mwanasheria kutoka Afrika Magharibi, mtu mpole, suti safi, kitambulisho cha Umoja wa Mataifa shingoni, tayari kulipa miezi sita. Mama akamwangalia, akasema nyumba imeshachukuliwa. Haikuwa imechukuliwa. Tulitoka pale kimya, yule mwanasheria mbele, mjomba nyuma yake, na getini yeye ndiye aliyemwambia mjomba pole. Wiki iliyofuata yule mama alimpata Mzungu wake. Ningependa kuandika kwamba ubaguzi ule ulimgharimu kitu, lakini haukumgharimu chochote.

Na walikuwepo Wanyarwanda. Hao walinong'onwa. Wengine walikuja kama wakalimani, wengine waliolewa huku, wengine walikuwa wamekimbia wakabaki. Watu waliwachanganya wote na kesi zilizokuwa zikisikilizwa AICC. Mteja mmoja, mama wa heshima zake, aliipenda nyumba ya Sakina mpaka aliposikia ua wa pili ni familia ya Kinyarwanda. Akasema, "Mimi nina watoto. Nani ajuaye walifanya nini kule?" Mjomba akamjibu taratibu, "Wanaoshtakiwa wako Kisongo gerezani, mama. Huyu jirani kazi yake ni kutafsiri." Ni kweli, washtakiwa wa mahakama ile walishikiliwa kwenye kizuizi cha Umoja wa Mataifa ndani ya eneo la gereza Kisongo. Yule mama hakuichukua nyumba. Nilijifunza siku ile kwamba ukweli ukifika baada ya hofu, unakuta kiti kimeshakaliwa.

Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, lakini watu walishaanza kuondoka miaka kadhaa kabla. Hapo ndipo nilipoona upande wa pili wa mambo haya. Nyumba zilikaa tupu. Wenye nyumba waliozoea dola walianza kunipigia wenyewe, wakiniuliza kama kuna mtu wa shilingi. Nikawapeleka. Muuguzi na mume wake dereva wa utalii, walimu wawili waliochangia nyumba, familia ya Wakenya waliokuja kwa kazi ya shirika, mfanyabiashara wa mitumba kutoka Rombo mwenye watoto watano. Nyumba nyingine zikawa hosteli, nyingine shule za awali, nyingine nyumba za wageni.

Ndipo mji ukaanza kusema, "Njiro imeshuka." Imeshuka kwa nini? Mabomba ni yaleyale. Barabara nyingine ziliwekwa lami baada ya wale wakubwa kuondoka. Kilichobadilika ni kwamba ukipita jioni unasikia watoto wakicheza, unaona mama ameanika nguo uani, na kuna genge la nyanya na mchicha kwenye kona ambako zamani ulikuta mlinzi na mbwa. Kwangu mimi Njiro ilianza kuishi wakati ule. Nawaambia wateja hivyo, wengine wanaona nawapamba ili nipate kodi ya mwezi mmoja ya udalali. Sipambi. Ningekuwa na uwezo ningehamia.

Dola yenyewe haikuondoka haraka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishahamia Arusha mwaka 2007, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 ina makao yake hapa, kwa hiyo wapo walioendelea kuandika bei kwa fedha za kigeni mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipokataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha hizo. Kwa dalali huo ni unafuu mkubwa. Kuna mwenye nyumba ambaye dola kwake haikuwa fedha tu, ilikuwa njia ya kusema "nyumba hii si yako" bila kumtaja mtu.

Watu wanapobishana kuhusu mitaa hupenda kutaja makabila kwa uhakika mkubwa. Utasikia Sakina imejaa Wachaga, Unga Limited ni Warangi watupu, Wakenya wameinunua Arusha. Nawauliza wamehesabu lini. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila nchini kwetu. Tangu hapo tunahesabiwa watu. Tunachojua ni kwamba mwaka 1967 mji wa Arusha ulikuwa na watu elfu thelathini na kitu, sensa ya 2012 ikakuta jiji lina watu 416,442, na ya 2022 ikakuta 617,631. Karibu nusu ya watu wote wa 2012 imeongezeka ndani ya miaka kumi. Hao laki mbili wengine wamezaliwa, wengine wamehamia, na hakuna anayeweza kusimama stendi akasema huyu ni wa wapi kwa kumtazama usoni. Kuhusu Wakenya pia, Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Wakenya ninaowahudumia ni wapangaji, na wengi wanalalamika kodi kama wewe na mimi.

Tengeru ilinifungua macho zaidi. Nilikuwa nimempeleka mteja kuona nyumba siku ya soko, Jumamosi, akaniambia hataki sehemu iliyo na wakimbizi, kwa sababu alisikia uvumi fulani. Nikamwambia Tengeru ilikuwa na wakimbizi kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliwekwa hapo Wapolandi kama elfu tano, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi yao yapo mpaka leo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Alishangaa sana. Hajawahi kusikia Tengeru ikiitwa kijiji cha wakimbizi, na hatasikia. Mgeni akiwa Mzungu anageuka kuwa historia, watalii wanapelekwa kuyaona makaburi. Akitoka upande wa Kigoma au Kongo anabaki kuwa uvumi.

Kuna mitaa iliyowahi kutiwa alama na tukio moja. Mei 2013 bomu lililipuka kwenye kanisa moja Olasiti, watu watatu wakafa, na kwa muda mrefu baadaye mteja ukimtajia Olasiti anatikisa kichwa. Leo Olasiti inajengwa usiku na mchana na bei ya kiwanja imepaa. Walioikimbilia hawakufuta jina lile kwa maneno. Walihamia, wakachimba msingi, wakapanda maua.

Sasa nifike kwenye lile linalonisumbua zaidi, nalo liko pembeni mwa jiji. Muriet, Olasiti, Olmoti, huko ndiko viwanja vinakouzwa. Miaka si mingi iliyopita yalikuwa mashamba ya mahindi na maharage na malisho ya Waarusha. Tulipima kwa hatua, ishirini kwa ishirini, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia na ndugu wa muuzaji wakitia sahihi. Olmoti sasa kuna uwanja wa mpira unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, na tangu habari zile zitoke simu yangu haipumui. Wanunuzi wanatoka Moshi, Dar es Salaam, Mwanza, Babati. Wanajenga haraka, na kitu cha kwanza kusimama ni ukuta.

Baada ya ukuta huja maneno. Vijana wa Kiarusha ambao walikuwa wakipitisha ng'ombe pale tangu utoto, sasa wanaitwa kwa dharau "maero" wanaorandaranda. Wakikaa chini ya mti waliouzoea, kikundi cha simu cha wakazi kinaandika kwamba kuna watu wasioeleweka karibu na geti namba fulani. Nimekuwa kwenye vikundi hivyo, kwa sababu wateja wangu huniunga. Nimesoma mtu aliyehamia miezi michache akimwita mgeni mtoto ambaye babu yake amezikwa ndani ya ukuta wa jirani.

Husemwa pia kwamba wenyeji ni wavivu, wameuza ardhi wakanywea pombe. Wapo waliokunywa, kama ilivyo kila kabila. Lakini mimi nimekaa kwenye mauziano hayo, nimeona fedha zilikokwenda. Ada ya chuo. Matibabu ya mama hospitali ya Selian. Shamba la ekari mbili kugawanywa kwa wana saba, kila mmoja anapata kipande kisichofaa kulima wala kufuga, kwa hiyo anauza. Wengine waliuza kwa sababu waliozungukwa na kuta hawawezi kupitisha mifugo tena. Mji ukishakufikia, kutokuuza nako ni gharama.

Na wala Waarusha si watu wa kukataa wageni. Wazee wao husimulia wenyewe kwamba mababu walipanda kutoka Arusha Chini, kusini mwa Moshi, karne ya kumi na tisa, wakakuta Wameru kwenye mlima. Wakapigana, wakaoana, wakaishi. Baada yao wakaja Wajerumani wakajenga boma, wakaja Makaburu, Wagiriki, Wahindi, Waingereza, kisha sisi wa Kondoa. Kila kundi lilipofika lilikuta Mwarusha yupo, na kila kundi lilimpangia pa kukaa.

Nilianza kuweka sharti langu mwenyewe. Mwenye nyumba akiniambia hataki kabila fulani au dini fulani, namrudishia funguo. Nimekosa fedha kwa ajili hiyo, na madalali wenzangu wanazichukua. Mteja akiniuliza majirani ni wa wapi, namwambia twende tena saa mbili usiku, ukae kwa mama anayeuza chipsi pale kona, uzungumze naye, kisha twende kwa balozi wa nyumba kumi umuulize kesi zilizofika kwake mwaka huu. Wengi hawaendi. Wanaokwenda huwa hawarudii swali la kabila, wanaanza kuuliza habari za taa za barabarani na mfereji unaofurika.

Mzee mmoja wa Muriet, ambaye viwanja vyake kadhaa nimeviuza mimi, alinipigia hivi karibuni. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Binti yangu, safari hii sina kiwanja. Natafuta chumba." Kijana wake wa mwisho anaoa, na boma limebaki dogo. Kijana alitaka akae karibu, pale pale Muriet, ili asaidie mama yake. Nikaenda kwenye nyumba mpya ya wapangaji, vyumba kumi vimepangwa kwa mstari, luku kila mlango, imejengwa juu ya ardhi aliyoiuza yule mzee. Mwenye nyumba ni mtu wa Moshi, tunaheshimiana. Nilipomtajia kijana, akauliza, "Ni wa hapa hapa?" Nikamwambia ndiyo, wa hapa kabisa. Akasema, "Dada, hao wa hapa hapa naogopa. Watajaza marafiki zao. Niletee mtu wa mbali, mfanyakazi."

Nikamwambia baba yake ndiye aliyekuwa na eneo hili, na kijana ni fundi bomba, ndiye aliyeunganisha maji ya nyumba tatu za mtaa huu. Alinyamaza kidogo, akasema atafikiria. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Akikataa, vyumba vyake tisa vilivyobaki atafute dalali mwingine, na hilo nimeshamwambia.